Tulikwenda Kulikagua Gari, Tukakaguliwa Sisi

Huenda mkashangaa kukuta habari za gari la spoti kuukuu katika kurasa hizi, ambazo tumezoea kuzungumzia malezi, mapishi na maombi. Nasi tulishangaa gari la namna hiyo lilipoingia katika mazungumzo ya nyumba yetu. Lakini wengi wetu tuna waume waliostaafu au wanaokaribia kustaafu, na fedha ya mafao huja mara moja tu. Hivyo tumeona ni vema tuwasimulie yaliyotupata, pamoja na yale tuliyojifunza juu ya kulipima gari kabla ya kutoa hata senti moja.

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Morogoro. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari. Mama, ambaye ndiye aliyeshika kalamu hii, ni muuguzi, na husaidia katika kazi za akina mama kanisani. Baba alistaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Mafao yalipoingia tuliketi mezani usiku watoto wakiwa wamelala, tukaomba, kisha tukayagawa: fungu la kumi, ada ya binti yetu wa mwisho aliye kidato cha tatu, paa lililokuwa likivuja upande wa jikoni, na akiba ya uzeeni. Likabaki fungu moja la shilingi milioni 11 ambalo hatukulipa jina. Tukaliacha benki tukisema Mungu atatuonyesha.

Baada ya wiki mbili Baba aliiweka simu yake mezani, karibu na sahani ya wali, akasema, "Mama, hebu tazama hapa."

Ndoto ya tangu mwaka 1994

Ilikuwa picha ya Toyota Celica nyekundu ya milango miwili, iliyotengenezwa mwaka 2000. Iliuzwa Dar es Salaam kwa shilingi milioni 9 na nusu.

Kwa nini Celica? Wakati wa Pasaka mwaka 1994, Baba akiwa kijana wa miaka 24, alikwenda Nairobi kumtembelea mjomba wake. Mjomba akamchukua wakasimame kando ya barabara kutazama magari ya Safari Rally. Mwaka uliotangulia, 1993, magari ya Celica yalikuwa yameshika nafasi zote nne za kwanza katika mashindano hayo. Mwaka huo wa 1994 mshindi akawa Ian Duncan, Mkenya, naye aliendesha Celica. Baba husimulia vumbi lile mpaka leo kana kwamba bado limo katika nywele zake. Kisha akarudi Tanzania, akaanza kufundisha, akaoa, akasomesha watoto wanne na wadogo zake wawili. Kwa miaka 30 hakulitaja tena gari lile ila kwa mzaha.

Haki isemwe, gari la mashindano na gari la kwenye picha si kitu kimoja. Yale ya mashindano yalikuwa GT-Four, yenye turbo na kuvutwa na magurudumu yote manne. Lile la kwenye picha lilikuwa la kizazi cha saba, ambacho ndicho cha mwisho cha Celica, kilichotengenezwa kuanzia mwaka 1999 hadi 2006. Huvutwa na magurudumu ya mbele tu, na injini yake ni ya cc 1,794 isiyo na turbo. Jina la ukoo ni moja, lakini tabia ni mbali.

Mwenye kalamu hii hakupenda hata kidogo. Kazini amewapokea majeruhi wengi wa ajali za barabarani, na neno "spoti" kwake lilinukia dawa ya vidonda. Isitoshe, tunawafahamu wastaafu walionunua daladala kwa mafao yao yote, na kabla mwaka haujaisha gari likawa juu ya mawe, mwenyewe amekaa barazani akilitazama. Kwa upande wake, Baba hakuona hatari yoyote. Kila alipoitazama picha ile aliona vumbi la Pasaka.

Tulibishana siku tatu. Siku ya nne tukakubaliana kwamba hatutasema ndiyo wala hapana. Tutakwenda kuliona, kwa masharti matatu. Kwanza, siku ya kuliona gari si siku ya kulipa. Pili, tutakwenda na fundi tunayemlipa sisi, si fundi wa muuzaji. Tatu, bei ya gari isizidi milioni 8, ili milioni 3 zibaki za matengenezo, bima na kubadilisha umiliki. Hilo la tatu ndilo wengi hulisahau. Gari kuukuu la spoti huuzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida, lakini halitunzwi kwa gharama ya gari dogo la kawaida. Matairi yake ni mapana na membamba ubavuni, na baadhi ya vipuri vyake havipatikani kila duka.

Safari ya Dar es Salaam

Tulipanda treni ya umeme asubuhi, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka 2024. Tuliomba safari njema. Dar es Salaam tulimkuta fundi, mtu mzima ambaye tulielekezwa kwake na ndugu wa kanisani. Tulipatana naye shilingi 60,000 kwa kazi ya nusu siku. Tukaongozana naye hadi Tabata, ambako dalali alikuwa akitungoja.

Sisi wauguzi hatufundishwi kumtazama mgonjwa usoni na kusema kwamba ni mzima. Tunauliza historia yake, tunatazama, tunagusa, tunasikiliza, tunapima, kisha tunaandika. Tuligundua siku ile kwamba fundi mwema hufanya vivyo hivyo. Tutawaeleza hatua kwa hatua, maana zinafaa kwa gari lolote, liwe la spoti au la kubebea ndizi.

Alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto. Tulikuwa tumeomba kwa simu kwamba gari lisiwashwe kabla hatujafika, kwa sababu injini iliyolala usiku kucha ndiyo husema kweli inapoamshwa. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kelele na moshi. Fundi hakusema neno, akaandika tu katika daftari lake.

Akaomba kadi ya gari. Tukapewa nakala kivuli, yenye jina la mtu ambaye hakuwapo pale. Dalali akasema mwenyewe yuko safarini na kadi halisi iko salama. Akina mama, kadi halisi inaweza kuwa mahali pengi: inaweza kuwa imewekwa dhamana ya mkopo, au mikononi mwa mtu mwingine anayedai kwamba gari ni lake. Asiyeonyesha kadi halisi hajaonyesha gari. Jina lililo katika kadi lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na namba ya chasisi iliyo katika kadi ilingane na ile iliyogongwa katika bati la gari, tarakimu kwa tarakimu. Faini za barabarani zinazodaiwa nazo siku hizi huangaliwa kwenye mtandao wa polisi kwa kutumia namba ya gari.

Kisha akalizunguka gari bila kuligusa. Alitazama nafasi kati ya boneti na mabawa ya pande mbili. Upande wa kushoto ncha ya ukucha iliingia kwa shida. Upande wa kulia kidole kilipita. Akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, akaipitisha juu ya bati. Mlangoni ilinata. Kwenye bawa la mbele la kulia iliteleza ikaanguka, maana sumaku hainati juu ya puti. Akafungua boneti, akatuonyesha boliti zinazoshika bawa lile. Rangi ya vichwa vyake ilikuwa imechubuliwa na spana. Chini zaidi, kwenye bati nene linalobeba uso wa gari, palikuwa na mshono wa kuchomelea, umepakwa rangi nyeusi ili usionekane.

Injini yenyewe haikuwa mbaya. Fundi alitueleza kwamba injini hizi za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili, hivyo ni lazima kuutazama moshi kwa makini. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini. Moshi mweusi ni mafuta kupita kiasi. Tulitazama injini ikiwaka taratibu, tukatazama na baada ya kukanyagwa na kuachiwa ghafla. Moshi haukuonekana. Alifungua kifuniko cha oili akatazama upande wa ndani. Kama pangekuwa na ute wa rangi ya chai ya maziwa, ingekuwa ishara kwamba maji na oili vimechanganyika. Palikuwa safi. Baba akachangamka.

Ndipo fundi alipoingia ndani, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha injini, akatuita tutazame dashibodi. Gari hili lina mifuko ya hewa inayofumuka ajali inapotokea. Ufunguo unapofika hapo, taa ya mifuko hiyo yapaswa kuwaka, ikakaa sekunde chache, kisha ikazimika yenyewe. Ikiendelea kuwaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameiondoa ili hitilafu isionekane. Taa zote za dashibodi ziliwaka ila ile.

Fundi akafunga daftari. "Mwalimu," akasema kwa upole, "gari hili liligonga kwa mbele. Mifuko ilifumuka, haikurudishwa. Uso huu ni wa gari jingine."

Neno lililosemwa ndani ya treni

Dalali hakubishana. Alisema tu kwamba mteja mwingine anafika saa nane, na kwamba tukitaka tunaweza kutoa laki tano ya kushikia gari. Maneno haya mkiyasikia, akina mama, jueni kwamba haraka hiyo ni ya anayeuza, si yenu. Baba alisimama kimya akiligusa gari lile begani kama mtu anavyomgusa farasi. Kisha akatingisha kichwa, tukaondoka.

Katika treni ya kurudi hatukuzungumza. Tulipita Pugu, tukapita Soga, tukapita Ruvu. Mwenye kalamu hii alidhani Baba analililia gari. Tulipokuwa tumeacha Ngerengere nyuma yetu, Baba akasema bila kugeuza uso kutoka dirishani, "Gari lilikuwa bovu, nakubali. Lakini fundi aliposema ni bovu, wewe ulicheka. Hukucheka kwa kuwa tumeponea. Ulicheka kwa kuwa mimi nimeshindwa."

Wenzetu, neno lile lilikuwa kweli. Asubuhi tulipoomba safari njema, moyoni mwa mmoja wetu palikuwa na ombi la pili ambalo halikutamkwa: gari lionekane bovu. Muuguzi anayempima mgonjwa huku akitamani amkute na ugonjwa si mpimaji, ni adui aliyevaa sare. Ndivyo mwenye kalamu hii alivyokwenda Dar es Salaam. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwapo kweli, alijiona amehesabiwa haki. Je, kama gari lingekuwa zima? Angesema ni zima? Aliogopa kulijibu swali hilo, na kule kuogopa kwenyewe kulikuwa ni jibu. Akaomba msamaha pale pale kitini, kwa sauti ndogo, abiria wa mbele asisikie.

Baba naye akatia mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha. Ndani yake palikuwa na shilingi 500,000. Alizitoa benki jana yake, kinyume cha sharti letu la kwanza, ili akilipenda gari aache kishikio. "Nami," akasema, "nilikwenda nikiwa nimekwisha kununua. Fundi asingeshika mkono wangu kwa macho yake, ningeacha fedha hii pale."

Hivyo tulikuwa wakaguzi wawili, na sote wawili tulikuwa vipofu. Mmoja hakutaka kuona uzima, mwingine hakutaka kuona ubovu. Kilichotuokoa siku ile ni mtu wa tatu ambaye hakuwa na haja yoyote na gari lile ila kusema alichokiona. Tulifika Morogoro jua linazama nyuma ya milima, tumeshikana mikono, jambo ambalo hatukulifanya hadharani kwa miaka mingi.

Gari la pili

Ilipita miezi minne. Hatukulitafuta gari, ila hatukuifunga tena mada hiyo. Paa likaezekwa, ada ikalipwa. Siku moja mwalimu mwenzake Baba akampigia simu kutoka Dodoma. Kuna mama mmoja mstaafu wa ofisi, ana Celica ya rangi ya fedha ya mwaka 2001. Aliinunua mwaka 2011 ikiwa imetoka Japani, na sasa magoti hayamruhusu kuingia katika gari la chini namna ile.

Safari hii tuligawana kazi kwa namna ambayo tunawashauri na nyinyi mwige. Tulibadilishana nafasi. Baba, mwenye ndoto, alipewa kazi ya kutafuta kasoro, na kila aliyoiona aiandike. Mama, mwenye hofu, alipewa kazi ya kutafuta mazuri, na kila aliloliona aliandike. Fundi naye angeandika yake peke yake. Kisha karatasi tatu zikutane.

Mama yule alitukaribisha vizuri, akatupa chai, akatoa kadi halisi yenye jina lake pamoja na kitambulisho. Akaleta daftari la shule lililokunjika pembe. Kwa miaka yote ile alikuwa ameandika tarehe ya kila badiliko la oili na kilomita zake. Kwa daftari lile tulijua kwamba mita ya kilomita haikurudishwa nyuma. Mahali pasipo na daftari, mkaguzi hutazama kanyagio za miguu, usukani na kiti cha dereva. Haiwezekani kanyagio ziwe zimelika hadi chuma huku mita inasema gari halijatembea.

Gari lilikuwa baridi kabisa. Lilipowashwa, fundi aliinamisha sikio. Injini hii hutumia mnyororo wa taimingi, si mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Lakini mnyororo uliochoka hugonga gari linapowashwa. Haukugonga. Kijiti cha oili kilionyesha kiwango cha katikati, na moshi haukuwapo. Oili ya gia otomatiki ilikuwa nyekundu, haikunuka kuungua. Taa ya mifuko ya hewa iliwaka, ikahesabu sekunde zake, ikazimika. Sumaku ilinata pande zote.

Karatasi ya Baba ilijaa, na tunamsifu kwa hilo, maana tuliona jinsi mkono ulivyomwia mzito. Matairi yalikuwa na mashavu mazuri, lakini Baba alisoma tarakimu nne zilizogongwa ubavuni: 2216. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2016. Tairi huzeeka hata likiwa limesimama, basi yote manne yalihitaji kubadilishwa. Shokapu za mbele ziligonga tulipopita juu ya tuta. Kiyoyozi kilipuliza hewa ya moto. Bampa ilikuwa imekwaruzwa chini na matuta, na rangi ya boneti imefifia kwa jua. Kiti cha nyuma, Baba aliandika kwa uaminifu, hakimfai mtu mzima.

Tukaliendesha nusu saa, mjini na barabara kuu. Breki zilisimamisha gari bila kulivuta upande, gia zilipanda bila kushtuka, na joto la injini halikupanda tulipokwama katika foleni. Mwenye kalamu hii alipewa usukani kwa mara ya kwanza. Ni lazima akiri, kwa kuwa kazi yake siku ile ilikuwa kuandika mazuri, kwamba kwenye kona gari lile lilitulia kama mtoto aliyeshiba. Alirudi na mistari 11 katika karatasi yake, na hakuna hata mmoja aliouandika kwa uongo.

Fundi akaongeza jambo moja la kutupa moyo na moja la kutuonya. La moyo ni kwamba injini ya jinsi ile ilitumika pia katika baadhi ya Premio, Allion na Wish za cc 1,800, magari ambayo yamejaa nchini, hivyo vipuri vya injini si shida. La kutuonya ni kwamba taa, vioo, milango na bampa ni vya Celica peke yake. Ukivunja taa moja utaitafuta kwa siku nyingi na kwa bei kubwa. Alituambia pia tuulize habari za bima mapema, maana baadhi ya kampuni hazitoi bima kubwa kwa gari lenye umri mkubwa. Tukauliza kabla ya kununua, si baada.

Mama yule alitaka milioni 8 na laki mbili. Tukamwekea mbele karatasi zote tatu, ya mazuri pia, tusifiche. Hatukulitukana gari lake ili tushushe bei. Tulimwonyesha matairi, shokapu na kiyoyozi, na hesabu ya fundi. Akatafakari, akasema milioni 7 na laki nne. Tukashukuru, tukarudi nyumbani bila kulipa, kama sharti lilivyotaka. Tukalala juu ya jambo hilo usiku mbili. Siku ya tatu Mama ndiye aliyesema, "Baba, tulinunue." Tulisaini mkataba mbele ya wakili, fedha ikapita benki, na umiliki ukabadilishwa wiki ile ile. Matairi, shokapu, kiyoyozi na oili zote vilimeza milioni 2 na laki moja. Kikabaki kiasi, nacho kipo kwa ajili ya siku ambayo taa itavunjika.

Tunayowaachia

Hatuwaambii mkanunue magari ya spoti. Hata sisi tunajua mipaka ya hili la kwetu. Kwa bibi kijijini wakati wa masika haliendi. Tunapanda basi kama zamani. Binti yetu pekee ndiye anayetosha kiti cha nyuma, naye hulalamika. Jumapili Baba huvuka matuta ya mtaani kwa pembe, polepole, kama anayebeba mayai, na majirani hucheka. Kasi aliyokuwa akiiota hajaitumia. Anasema akishika usukani inamtosha.

Tunalotaka kuwaachia ni hili. Waume zetu wengi wamebeba familia miaka 30 na wameficha tamaa ndogo ndogo mifukoni. Siku moja hutoa moja na kuiweka mezani karibu na sahani. Tukiidharau kabla ya kuitazama, huirudisha mfukoni, na pengine siku nyingine hununua kwa siri bila fundi wala karatasi. Tukiikubali bila kuipima, tunaweza kupoteza akiba ya uzee wetu sote wawili. Njia iliyopo katikati ni kukaa chini pamoja na kupiga hesabu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatukumbusha mjenzi wa mnara aliyeshindwa kuumaliza, watu wakamcheka. Yeye hakulaumiwa kwa kutamani mnara. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuhesabu.

Basi mkienda kukagua, liwe gari, kiwanja au mashine ya kusaga, wekeni kikomo cha fedha mkiwa nyumbani, acheni fundi asiye na upande aseme, na siku ya kuona isiwe siku ya kulipa. Zaidi ya yote, kabla ya kuondoka nyumbani kila mmoja amwambie mwenzake ukweli wa anachotamani kukikuta kule. Sisi tuliuambiana tukiwa tumekwisha kupita Ngerengere. Nyinyi uambianeni kabla treni haijaondoka.

Mungu azibariki nyumba zenu.